Wasomaji Wanauliza: Komoro, volkano na kasa wa jirani zetu

Mwezi uliopita niliandika mistari michache tu kwamba kuna visiwa vya volkano viko saa moja na kitu kwa ndege kutoka Dar na watu wetu hawaendi. Barua zimekuja mpaka nikashindwa kuzijibu moja moja, kwa hiyo safari hii ukurasa wote ni wa Komoro. Nimechagua zile zinazouliza mambo ambayo wengi mmeuliza.

Habari za kazi ndugu mwandishi. Sisi ni washikaji wanne hapa Kinondoni tumechanga hela za likizo, kila mwaka ni Zanzibar au Bagamoyo na tumechoka, tunataka mlima, msitu na bahari sehemu ambayo haijajaa watalii. Kuna mtu katutajia Komoro lakini kila tukimuuliza mtu anasema huko hakuna kitu. Ni kweli hakuna kitu? Na je siku kumi zinatosha kuzunguka visiwa vyote?

Salama kabisa ndugu zangu. Anayesema hakuna kitu anamaanisha hakuna mahoteli makubwa ya ufukweni, hakuna boti za kuvuta parachuti, hakuna mziki ufukweni usiku kucha, na hapo anasema kweli. Ila kama mnatafuta mlima, msitu na bahari basi amewadanganya, maana Komoro yote imetoka chini ya bahari kwa moto. Ni visiwa vinne vimekaa kwenye mdomo wa kaskazini wa Mlango wa Msumbiji, kati ya Msumbiji na Madagaska: Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore. Vitatu vya kwanza ndo nchi ya Komoro, Maore iko chini ya Ufaransa na nitaisemea huko chini kwa sababu kuna mtu kauliza.

Mkitaka kuelewa visiwa hivi angalieni umri wake. Maore ndo mzee, umeshaliwa na mvua na mawimbi ukawa na vilima vya chini na ziwa la bahari pana limezungukwa na tumbawe. Ngazija ndo kijana, bado unakua, mlima wake bado una moto, na lava imeshuka mpaka baharini ikaganda nyeusi tii, ufukwe mweupe unakuta umebanwa katikati ya mawe meusi mpaka macho yanashangaa. Halafu ajabu nyingine, Ngazija inanyesha sana lakini haina mto, yani maji yote yanazama kwenye mawe yenye vitundu, ndo maana kila nyumba ya zamani ina birika la kuvunia maji ya mvua. Ukivuka kwenda Mwali au Nzwani unakuta mito na maporomoko. Nchi moja lakini kila kisiwa kina tabia yake.

Siku kumi kwa visiwa vitatu mimi nawakatalia. Mtakuwa mnahama tu, na usafiri wa kati ya visiwa haueleweki, ndege ndogo inaahirishwa, boti inasubiri bahari itulie, mkipoteza siku mbili hapo safari imeharibika na mtarudi mkisema kweli hakuna kitu. Chukueni viwili, Ngazija na Mwali. Ngazija kwa ajili ya Karthala, huo mlima wenye moto, na pwani ya kaskazini, pale Mitsamiouli kwenye ufukwe, halafu lile ziwa la chumvi lililokaa ndani ya kasoko, yani shimo la volkano, karibu kabisa na bahari, na mgongo wa mawe wa Ivoini ambao watu wanauita mgongo wa joka. Mwali kwa ajili ya bahari na kasa. Na wekeni siku mbili tupu mwishoni mkiwa mmesharudi Ngazija, msije mkapitwa na ndege ya kurudi nyumbani.

Miezi, nendeni kati ya Mei na Oktoba wakati wa kusi, ndo kiangazi. Kaskazi ikiingia kuanzia Novemba mpaka Aprili ni joto na mvua na ndo msimu wa vimbunga, Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija kikaangusha minazi na migomba vibaya sana. Ila mjue Julai na Agosti ndo msimu wa harusi kubwa, Wakomoro wanaoishi Ufaransa wanarudi kwa wingi, ndege zinajaa na tiketi zinapanda. Mkipata Mei, Juni au Septemba mmepata pazuri.

Mimi ni kijana wa Arusha, nimepanda Meru na Kilimanjaro. Nimeona Karthala ina mita 2,361 tu, kwangu huo ni mlima wa asubuhi. Je naweza kupanda peke yangu bila kulipa mwongozaji? Na huo mlima unaweza kulipuka nikiwa juu?

Kaka, hongera kwa Meru na Kilimanjaro, lakini naomba hiyo "tu" uiache hapo hapo Arusha. Kilimanjaro unaanzia getini, mita zaidi ya elfu moja na mia tano ziko chini yako kabla hujavaa buti. Karthala unaanzia vijijini, kama Mvouni kule juu ya mji mkuu Moroni, kwa hiyo karibu mlima wote unaupanda kwa miguu yako, kwenye joto, njia inateleza na mizizi imejaa. Watu wanapanda siku nzima, wanalala juu kwenye tenti, alfajiri wanaenda ukingoni kuangalia kasoko kabla mawingu hayajapanda, halafu wanashuka. Wapo wanaopanda na kushuka siku moja, wanaondoka usiku wa manane na wanarudi giza limeingia, na nikikutana nao njiani sura zao tu zinaniambia hawakuona kitu zaidi ya vidole vya miguu yao.

Bila mwongozaji usiende. Sababu ya kwanza ni maji. Nimesema hapo juu kisiwa hakina mto, basi na mlima hauna chemchemi, kila tone utakalokunywa na kupikia unalibeba kutoka chini, na mtu wa pale anajua mbebe lita ngapi kwa msimu gani na wapagazi wangapi mnahitaji. Sababu ya pili ni ukungu, unashuka ghafla na kule juu kote ni majivu na mawe meusi yanayofanana, njia inapotea na ukingo wa kasoko hauna uzio. Sababu ya tatu ni kwamba hela unayomlipa kijana wa kijiji ndo inafanya msitu uwe na faida kwake ukiwa umesimama, badala ya kukatwa kuwa mbao au shamba la migomba. Hiyo ya tatu mimi naiona kubwa kuliko zote. Tafuta mtu wa vijiji vya mlimani mwenyewe, kubalianeni bei na idadi ya siku na chakula kabla hamjaondoka.

Na njia yenyewe ni nzuri sana. Unaanza kwenye mashamba ya mihogo, ndizi, minazi na vanila, halafu unaingia msitu mzito wenye mimea ya kutambaa na kangaga kila mti, halafu miti inafupika inakuwa vichaka vya mierika kama vile vya Shira kule Kilimanjaro, halafu ghafla hakuna kitu, majivu tu na upepo. Ukilala kule sikiliza usiku. Kuna bundi mdogo anaishi kwenye mlima huu tu, dunia nzima hayupo kwingine, wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1978. Wapo na ndege wengine wadogo wa Karthala peke yake. Asubuhi ukifika ukingoni unaona bonde la kasoko lenye upana wa kilomita tatu kwa nne, na ndani yake mashimo mengine, lile kubwa linaitwa Chahalé.

Kulipuka, ndiyo unaweza. Volkano hii imelipuka zaidi ya mara ishirini tangu karne ya 19. Mwaka 1903 watu 17 walikufa kwa gesi, sio kwa lava, kwa hiyo mtu akikushawishi mshuke chini kabisa kwenye mashimo kupiga picha mwambie hapana. Mwaka 1977 lava ilitoka ubavuni ikashuka mpaka kijiji cha Singani ikafunika nyumba. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na ile ya Novemba majivu yalijaa kwenye mabirika, watu wengi wakakosa maji ya kunywa, fikiria kisiwa kinachotegemea maji ya mvua kinamwagiwa majivu juu ya mapaa. Mei 2006 lava ikajaa kwenye shimo ikawa ziwa jekundu. Mwisho ni Januari 2007, tangu hapo umetulia. Kuna kituo cha kuangalia volkano Moroni, kiko chini ya kituo cha taifa cha utafiti kinachoitwa CNDRS, mashine zao zinasikia mlima ukianza kutikisika. Waongozaji wazuri wanauliza huko kabla ya kupanda, na wewe muulize wako kama ameuliza. Akikujibu kwa kukwepa, tafuta mwingine.

Vaa buti ambalo umeshalizoea, beba sweta zito na koti la mvua, usiku ni baridi kweli pamoja na kwamba saa chache nyuma ulikuwa unatoka jasho kwenye minazi. Na fimbo mbili za kutembelea, kwa ajili ya magoti wakati wa kushuka.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni dada wa Mombasa, ninachotaka mimi ni kasa na nyangumi, mlima siutaki. Nimesikia Mwali ndo penyewe. Niende mwezi gani nivione vyote viwili na nivuke vipi, maana bahari naiogopa kidogo?

Marahaba mdogo wangu, na swali lako nimelipenda kuliko yote kwa sababu Mwali ndo mahali ninapopapenda kuliko pote kwenye visiwa hivi.

Mwali ndo kisiwa kidogo kuliko vyote vinne, kilomita za mraba mia mbili na kitu, Fomboni ndo mji wenyewe na mji wenyewe ni barabara moja na soko. Upande wa kusini kuna Nioumachoua, mbele yake kumetandazwa visiwa vidogo vidogo vyenye miti juu na mchanga mweupe chini, na eneo hilo ndo lilikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Komoro, mwaka 2001. Mwaka 2020 UNESCO wakakitambua kisiwa chote kuwa hifadhi ya viumbe hai pamoja na watu wake. Kilichonivutia mimi ni kwamba hifadhi ile ilianza kwa kukaa na vijiji, vijiji vikakubaliana wenyewe wapi kuvua na wapi kuacha, na zana zipi zipigwe marufuku. Sisi tunajua mwambao wetu ulivyopigwa baruti, tunajua maana ya makubaliano kama hayo.

Kasa wako Itsamia, upande wa mashariki. Ni moja ya sehemu kubwa za kasa wa kijani kutaga katika Bahari ya Hindi ya magharibi yote. Wanapanda mwaka mzima, kwa hiyo kasa hawakupangii mwezi, wanaokupangia ni nyangumi. Nyangumi wa nundu wanapanda kutoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa na kulea kwenye maji haya ya vuguvugu kati ya Julai na Oktoba. Basi jibu lako ni Agosti mwishoni au Septemba.

Usiku wa kasa nakuomba ufuate anachosema kijana wa Itsamia, neno kwa neno. Unakaa kimya mbali ufukweni bila taa. Kasa anapanda pole pole, anavuta mwili wenye kilo zaidi ya mia moja juu ya mchanga, akisikia vishindo au akaona tochi anageuka anarudi baharini na mayai yake tumboni. Ukishaambiwa ameanza kutaga ndo unasogea, kwa nyuma, chini chini, kwa taa nyekundu hafifu. Anataga mayai mia moja na zaidi, anafukia, anapiga mchanga kwa makasia yake ili adui asijue shimo liko wapi, halafu anaondoka na hatorudi kuyaangalia. Baada ya miezi miwili hivi watoto wanatoka wenyewe, na joto la mchanga ndo linaamua wawe madume au majike. Hakuna flashi, hakuna selfi na kasa, hakuna kumshika. Ukiona mgeni mwenzako anawasha simu mwambie pale pale kwa heshima, usimwachie kijana wa kijiji peke yake aone aibu kumkemea mgeni aliyemlipa.

Na ujue wale vijana wanakesha. Wezi wa kasa wanakuja usiku kwa boti, wanachinja wanapakia nyama wanaondoka, na wanakijiji wa Itsamia wamejiunga kwenye jumuiya yao wanapiga doria ufukweni ili hilo lisitokee. Hela ya mwongozaji na ya kulala kwenye vibanda vya kijiji ndo inaweka betri kwenye tochi zao. Kwa hiyo lala pale pale Itsamia, usilale Fomboni ukaenda na kurudi.

Sasa kuvuka. Njia mbili. Kuna ndege ndogo kutoka Ngazija, ni dakika chache tu hewani lakini ratiba inabadilika. Na kuna boti ndogo za faiba kutoka Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija, mpaka Hoani upande wa Mwali. Kwa mtu anayeogopa bahari mimi nakwambia panda ndege, na kama itakubidi boti basi asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, angalia kama kuna laifu jaketi na uivae kabisa usiikalie, angalia injini ziwe mbili, na watu wakishajaa kupita kiasi shuka usubiri nyingine. Kusi ikivuma kwa nguvu mlango ule unachafuka. Ukisikia wavuvi wenyewe wa Chindini wanasema leo hapana, basi ni hapana, hata kama nahodha mmoja mwenye haraka anakuita.

Mzee wangu pole na kazi. Mimi ni mvuvi wa Tanga, kwetu kuna silikanti, yule samaki wa kale, na mbuga yake. Nasikia na Komoro wanaye. Je ni yule yule, na mtalii anaweza kumwona?

Ahsante sana kaka, ni yule yule wa kwenu. Dunia ya wasomi iliamini samaki huyu amekwisha pamoja na madinosaria, mpaka Desemba 1938 akaibuka kwenye jarife la meli ya uvuvi Afrika Kusini, mama mmoja wa makumbusho Marjorie Courtenay-Latimer akamwona kwenye rundo la samaki akajua huyu sio wa kawaida. Profesa J.L.B. Smith akatafuta wa pili miaka kumi na minne, akabandika matangazo yenye picha ya samaki na zawadi pwani yote hii ya Afrika Mashariki. Desemba 1952 akavuliwa Nzwani, kwa mshipi. Na wavuvi wa Komoro wakashangaa kinachoshangiliwa ni nini, kwa sababu wao walikuwa wanamjua siku zote, wanamwita gombessa, nyama yake haina maana wanamrudisha au wanamkausha.

Sababu ya kuwa pale ni volkano tena. Mchana anajificha kwenye mapango ya lava, kwenye miteremko inayozama wima baharini, kina cha mita mia moja na hamsini mpaka mia tatu. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka na nyambizi ndogo akampiga picha akiwa hai pale pale Ngazija, anaogelea kwa kupishanisha mapezi. Mtalii mwenye miwani na bomba la kupumulia hamwoni, na anayekuahidi hivyo anataka hela yako. Utamwona kwenye makumbusho ya taifa Moroni, wamemhifadhi. Nyie Tanga mna hifadhi yenu tangu 2009, na mnavyojua nyavu za kina kirefu ndo zinazomnasa, kwa hiyo kaka ukienda Moroni usiende kama mtalii tu, kaa na wavuvi wa kule muongee. Kiswahili chako na Kingazija chao mtasikilizana mkiongea taratibu.

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Ng'ambo Unguja, babu yangu alizaliwa Ngazija lakini alifia hapa na hatujawahi kurudi. Mimi ni mwanamke, nina miaka 34, nataka kwenda peke yangu, nione kijiji cha babu na nipande mlima. Watanionaje? Na nivae nini?

Waalaykum salaam dada yangu. Barua yako niliisoma mara mbili. Wangazija wa Unguja mko wengi na mmesahauliwa kwenye habari hizi, ila kule hamjasahauliwa, ukifika kijijini ukataja jina la babu na la baba yake, kaa chini maana wazee wataanza kuhesabu ukoo na haitoishia siku hiyo. Ngazija ukoo unafuata kwa mama na nyumba ni za wanawake, kwa hiyo kabla ya kuondoka muulize bibi au mama mkubwa jina la mama yake babu, hilo ndo litakufungulia mlango haraka kuliko la baba.

Mwanamke peke yake anatembea, Moroni ni mji wa utaratibu, watu wanasalimiana. Vaa kama unavyovaa Unguja mjini, hutoshangaza mtu. Mlimani vaa suruali pana na juu yake kitu kirefu, buti. Kuogelea ufukwe wa kijiji ingia na nguo kama wanawake wa pale. Kwa Karthala mimi ningependa usipande na mwongozaji peke yenu wawili, sio kwamba ni watu wabaya hapana, ni kwamba familia yako ya kule itakosa amani na wewe pia utajisikia huru zaidi mkiwa kundi. Waambie ndugu, utashangaa binamu wangapi hawajawahi kupanda mlima walioukalia na wataomba muende wote.

Usiende Ramadhani kama unataka mlima. Kama unataka ndugu nenda Ramadhani.

Mimi nasoma wanyamapori Morogoro. Yule popo mkubwa anayeitwa popo wa Livingstone yuko wapi hasa?

Nzwani na Mwali tu, basi, dunia nzima. Mabawa akiyafungua yanakaribia mita moja na nusu, rangi nyeusi, masikio ya duara, na tofauti na popo wengine huyu anaruka hata mchana, anaelea juu ya bonde akizunguka na hewa ya joto kama kipanga. Wamebaki elfu moja na kitu. Wanalala kwenye miti mikubwa kwenye miteremko mikali, na hiyo miti ndo inayokatwa kwa shamba, kwa mbao na kwa kuni za kuchemshia ilangilangi, yale maua ya manukato ambayo Komoro inauza Ufaransa. Ukienda Nzwani watafute shirika la Dahari, ni la Wakomoro wenyewe, wanafanya kazi na wakulima kulinda vyanzo vya maji na miti ya popo kwa pamoja, kwa sababu mito mingi ya Nzwani imeanza kukauka msitu ulipopungua. Kwa mwanafunzi kama wewe kuona namna wanavyoongea na mkulima ni somo kubwa kuliko kumwona popo mwenyewe. Ukiwa huko pita na juu kwenye ziwa Dzialandzé chini ya mlima Ntringui, na mji mkongwe wa Mutsamudu.

Nikiwa Nzwani naweza kuvuka na boti mpaka Maore nikaone na huko? Nasikia ni karibu.

Usifanye hivyo. Ni kilomita kama 70 na boti zinazovuka kinyemela zinaitwa kwassa-kwassa, zinazidisha watu, zinaondoka usiku, na maelfu ya watu wamezama kwenye mkondo ule tangu Ufaransa walipoweka viza mwaka 1995. Maore ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011, unaomba viza ya Kifaransa, unafika kwa ndege. Ziwa lake la bahari ni zuri mno lakini kumbuka pia kimbunga Chido kiliipiga vibaya Desemba 2024, watu bado wanajenga upya.

Nibebe hela gani, na simu yangu itafanya kazi?

Beba yuro taslimu, noti safi. Hela yao ni faranga ya Komoro na imefungwa kwenye yuro, yuro moja ni karibu faranga 492, kwa hiyo hakuna kubahatisha. Shilingi yetu hakuna atakayeipokea na M-Pesa yako haitokusaidia. Mashine za benki ni chache, Mwali usizitegemee kabisa, chenji kila kitu Moroni kabla hujavuka. Viza wageni wengi wanapewa uwanjani Hahaya, lipa kwa yuro, ila piga simu ubalozini kwao kabla ya safari uhakikishe kwa pasipoti yako. Laini ya simu nunua pale pale mjini, Mwali mtandao unakuja na kuondoka. Umeme unakatika, beba pawabenki na adapta ya plagi ya Kifaransa, ile ya pini mbili za duara, plagi zetu za pini tatu haziingii. Dawa za malaria ongea na daktari kabla, Ngazija mbu wa malaria wapo, na chandarua chepesi hakizidi uzito. Chukua pia bima ya safari inayolipia kusafirishwa, maana ukivunjika mguu Mwali utahitaji kutolewa kisiwani.

Chakula usiwaze. Samaki, ndizi, muhogo, wali wa nazi, mataba ambayo ni kisamvu kilichopikwa na nazi mpaka kikalainika, na pilipili yao ya putu weka kidogo kwanza.